Riwaya nene ya fantasia au kitabu cha hadithi fupi? Angalia muda wako ukoje, unene achana nao

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Rungwe, na wengine wote mliojifunika mablanketi mawili saa hizi habari zenu. Mi niko Uyole, Mbeya, baridi imeshika kweli kweli, ikifika saa moja jioni barabarani wamebaki bajaji na wachoma mahindi tu, ukishakula hamna pa kwenda, kwa hiyo Juni na Julai kwangu ndo miezi ya kusoma. Na kila mwaka msimu huu ukifika watu wananiuliza swali lile lile, kwa vile wanajua napenda hizi hadithi za nchi zisizokuwepo, za majoka na wachawi na bahari zisizo kwenye ramani yoyote: nianze na riwaya moja nene au nianze na kitabu cha hadithi fupi fupi? Wengi wanakuja wameshajijibu. Wanasema nipe fupi kwanza maana ni rahisi na mi nina mambo mengi, riwaya ntaisoma nikipata nafasi. Ushauri huo hata mi nilikuwa nautoa miaka ya nyuma, saivi sikubaliani nao kabisa, na nataka nieleze kwa nini maana nimeona watu wamekata tamaa ya kusoma kwa sababu yake.

Ile methali wote tunaijua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi riwaya ya fantasia iko hivyo hivyo. Kurasa 50 mpaka 80 za kwanza we ni mgeni, hujui majina, hujui nani anamwogopa nani, mtu akitaja mlima fulani wote wananyamaza na we hujui kwa nini, umekaa tu sebuleni unawaangalia wenyeji wanavyopita. Inachosha, na wengi wanaishia hapo hapo sebuleni wanafunga kitabu. Ila ukivuka unapewa jembe. Unajua njia ya kisimani iko wapi, mtu akidanganya unajua kadanganya kabla mwandishi hajasema, na kurasa 300 zilizobaki unazisoma kama mtu wa nyumbani. Kitabu cha hadithi fupi hakina siku ya jembe. Hadithi kumi ni nyumba kumi, kila nyumba unapiga hodi upya, unajifunza upya kama hapa wafu wanaongea au wakifa wamekufa, na ukianza tu kuzoea harufu ya jikoni kwao hadithi imeisha, unasindikizwa mlangoni. Anaesema fupi ni rahisi amehesabu kurasa, hodi hajazihesabu.

Afu hadithi fupi haina nafasi ya kukueleza. Kwenye riwaya mwandishi anaweza kukuchukulia sura nzima kuonyesha kwa nini watu wa kijiji fulani hawatajani majina usiku, kwenye hadithi ya kurasa 15 jambo hilo linawekwa kwenye sentensi moja, tena katikati ya mazungumzo, na ukiipita mbio ule mwisho hutaushika. Nimeona watu wanamaliza hadithi nzuri kabisa wanasema sasa ndo nini hii, ukiwauliza unakuta hiyo sentensi wameiruka.

Nikupe mifano miwili ya kwetu, yote makosa yangu mimi.

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, ana duka dogo la vyakula Tukuyu. Anapenda kusoma na Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Nikafikiria hivi, huyu yuko dukani, wateja wanamkatisha kila dakika tano, riwaya ataiwezea wapi, nikampelekea kitabu cha hadithi fupi za ajabu ajabu, kava zuri, nikaondoka nimeridhika. Baada ya wiki mbili nikapita, kitabu kiko juu ya gunia la mchele kimefunikwa. Nikamuuliza vipi shangazi, hukukipenda? Akaniambia, "Mwanangu, hadithi nzuri, lakini nikifika katikati anakuja mtoto anataka sukari robo, nikirudi nimeshasahau huyu mzee alikuwa mtu au mzimu, naanza upya, anakuja mwingine anataka mafuta ya taa. Hiyo moja tu nimeianza mara nne."

Hapo ndo nikaelewa. Hadithi fupi inataka dakika zako 40 au saa moja nzima bila kukatwa, imejengwa isomwe kwa mkao mmoja. Riwaya haina shida hiyo, ukishapewa jembe unaweza kuiacha ukapima sukari, ukarudi, ukaendelea na palizi pale pale ulipoachia, kwa sababu watu wote unawajua. Nikambadilishia nikampa riwaya. Kurasa za mwanzo nikamwambia asome nyumbani Jumapili akitoka kanisani, asianzie dukani, akivuka ndo aende nayo dukani. Akaimaliza.

Wa pili ni binamu yangu wa Mafinga anaefanya kazi ya mbao. Yeye nilimpa riwaya kubwa maana nilijua anapenda vitu virefu, muvi za series anamaliza usiku mmoja. Lakini kazi ya mbao unarudi umechoka mgongo, anasema anaoga, anakula, anaingia kitandani na saa moja tu ya utulivu, anasoma kurasa tano analala, kesho yake anarudi nyuma kurasa tatu kukumbuka, mwezi mzima yuko kwenye sura ya pili. Huyu ndo nikampa hadithi fupi. Moja kwa usiku mmoja, inaanza inaisha, analala na kitu kilichokamilika kichwani, na kesho anaanza upya bila deni. Akanipigia simu akaniambia hajawahi kumaliza kitabu toka amalize form four, hiki kakimaliza.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi uanze na kipi nakuuliza kwanza muda wako ukoje. Kama ni vipande vipande vya dakika kumi kumi siku nzima, dukani, kwenye foleni, stendi unasubiri gari lijae, chukua riwaya ila uwe na siku moja ya utulivu ya kuvuka mlango. Kama una saa moja tu lakini ni yako kweli, chukua hadithi fupi. Najua watu wengi wanashauri kinyume chake.

Sasa kuna njia nzuri ya kuonja tofauti yenyewe, nayo ni kusoma nchi ile ile moja kwa namna zote mbili. Mi niliionja kwa Ursula Le Guin, mwandishi wa Marekani, kwenye vile visiwa vyake vya Earthsea. Riwaya ya kwanza, A Wizard of Earthsea, ilitoka 1968 na wala sio nene, kwa anaeanza nadhani hamna mlango mzuri zaidi ya huo. Inaanza na mtoto wa kijiji cha mlimani anachunga mbuzi, mama kafariki, siku moja anamsikia dada wa mama yake, mchawi wa pale kijijini, anamwita mbuzi kwa maneno fulani, nae akajaribu maneno hayo hayo bila kujua maana yake, mbuzi wakaja wote wakamzingira wakamganda hata hawataki kumwachia njia. Mtu aliyekulia Makete au Ileje huo ukurasa unamwingia moja kwa moja, haulizi mlima ni nini wala mbuzi wanasukumana vipi. Uchawi wa nchi hiyo uko kwenye majina, ukijua jina la kweli la kitu una nguvu juu yake, na wewe jina lako la kweli humwambii mtu ovyo. Riwaya nzima unakaa na huyo mtoto mmoja, anakua, anakosea kosa kubwa kwa ajili ya majivuno, na kosa lenyewe linamfuata baharini kisiwa kwa kisiwa. Umeishi nae miaka. Ukifunga kitabu unamkumbuka kama mtu uliyesoma nae bweni moja.

Mwaka 2001 Le Guin akatoa Tales from Earthsea, hadithi tano za nchi hiyo hiyo. Na hapa ndo tamu. Kwenye riwaya kuna mzee mmoja, Ogion, mwalimu wa yule kijana, mtu wa kimya sana, na tunaambiwa tu kwa kupita kwamba aliwahi kulinyamazisha tetemeko la ardhi. Basi, riwaya inaendelea na safari yake maana ina mambo mengine ya kufanya. Kwenye zile hadithi tano moja yao inachukua tetemeko hilo tu, inakupeleka siku yenyewe, kabla yake na wakati wake, mzee mmoja na Ogion aliyekuwa mwanafunzi wake na mlima, basi, hamna kingine. Kilichokuwa mstari mmoja kwenye riwaya hapa ndo uhai wote. Naona hiyo ndo kazi ya hadithi fupi ikifanywa vizuri, inasimama mahali ambapo riwaya ilipita na gari. Na jambo lingine ambalo mi lilinishangaza, visiwa vyenyewe vilianza kwenye hadithi fupi mbili za mwaka 1964, riwaya ikaja baadae, kwa hiyo hata mwandishi mwenyewe aliingia kwa mlango mdogo kwanza.

Kwa wanaonunua vitabu vya mtumba, hapa msikilize vizuri. Fantasia nyingi zinakuja kwa mfululizo, vitabu vitatu, saba, na kwenye turubai la mtumba unakuta kimoja tu kimepotea ndugu zake. Mi nilinunua cha Tolkien, yule mwandishi Mwingereza, elfu tatu, nimefurahi njia nzima, nikaja kugundua nyumbani ni The Two Towers, cha pili. Sura ya kwanza tu mtu anakufa, wenzake wanaomboleza, na mi simjui marehemu ni nani. Sio kwamba mwandishi kakosea, yeye aliiandika The Lord of the Rings kama kitabu kimoja kirefu, wachapishaji ndo waliigawa mara tatu ikatoka 1954 na 1955 kwa sababu ya gharama, karatasi baada ya vita ilikuwa ghali. Kwa hiyo kabla hujatoa hela angalia kurasa za mwanzo kabisa na nyuma ya kava kama imeandikwa ni cha ngapi, na kama ni cha pili kiache, hata kama kava lina joka zuri namna gani. Kitabu cha hadithi fupi hakina mtego huo, ukikikuta kimoja ni kizima, hata kikiwa kimechanika kurasa za mwisho umepoteza hadithi moja tu. Kwenye mtumba hadithi fupi inashinda bila ubishi.

Kwenye simu pia inashinda. Softikopi ya riwaya ya kurasa 600 kwenye simu ya kioo kidogo, umeme umekatika, chaji asilimia 20, hapana. Na riwaya nyingi za fantasia zina ramani mwanzoni ambayo unairudia rudia, kwenye simu kila ukirudi unapoteza ukurasa wako. Mi ile ya Earthsea niliichora kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi ya daftari, kisiwa cha Gont pale juu kulia, Havnor katikati, Roke chini yake, nikaikunja mara mbili nikaitumia kama alama ya nilipofikia, ipo mpaka leo imechakaa mikunjo. Kuchora kwenyewe kulinisaidia kuvuka mlango kuliko kusoma.

Safarini inategemea. Basi la Mbeya Dar ukiwa na hadithi fupi unaweza kusoma moja au mbili kwenye ile sehemu iliyonyooka kati ya Makambako na Mafinga, ila ukishapita Ipogolo unakaribia mlima Kitonga funga kitabu kabisa, zile kona sio za kusoma, angalia nje. Treni ya TAZARA hiyo ni ya riwaya. Unakaa humo siku na usiku, hamna anaekudai sukari, na kule kati ya Makambako na Mlimba kuna mahandaki mengi, treni inaingia kitabu kinazimika mkononi, unakaa gizani unawaza ukurasa uliokuwa unausoma, inatoka mwanga unarudi unaendelea. Kama kuna mahali pa kuvuka zile kurasa 80 za ugeni ni hapo.

Lugha nayo tuseme ukweli. Vingi vya hivi vitabu ni vya Kiingereza na wengi wetu tunasoma kwa kuchungulia kamusi. Hapo riwaya ina huruma zaidi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu maneno yale yale yanarudi, neno la fimbo ya mchawi ukilitafuta ukurasa wa 10 umelimaliza, ukurasa wa 200 unalisoma bila kuhisi. Kwenye mkusanyiko wa waandishi kumi tofauti kila mmoja anakuja na msamiati wake. Kama Kiingereza kinakusumbua na unataka hadithi fupi basi tafuta mkusanyiko wa mwandishi mmoja, ukishazoea sauti yake hadithi ya tatu au ya nne inakuwa nyepesi. Na usijilazimishe kuanza na ya kwanza, fungua yaliyomo, anza na iliyo fupi kuliko zote.

Au anza na Kiswahili jamani. Tunasahau kwamba Shaaban Robert alishatupa nchi inayoelea angani, Kusadikika, 1951, wengine tuliisomea mtihani tukaifunga hapo hapo. Irudie sasa hivi hamna anaekusahihisha. Ni kitabu chembamba, na kina kitu ambacho kwa swali letu ni muhimu: Karama, mhusika mkuu, amesimama mahakamani anajitetea, na utetezi wake wenyewe ni kuwasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila mmoja upande wake na kilichowapata waliporudi. Yaani ni riwaya moja yenye hadithi ndani yake, unapata vyote viwili. Unapiga hodi mara moja, afu unapewa safari sita. Alfu Lela Ulela ni hivyo hivyo ila kubwa zaidi, yule mwanamke anamsimulia mfalme usiku, inakatika alfajiri, mfalme anataka kujua itaishaje kwa hiyo hamuui. Kwa mtu ambae kweli hajui achague kipi, vitabu vya namna hii ndo navipa nafasi ya kwanza, na Adili na Nduguze ya 1952 pia kama ukiipata, ile ya mtu anaewachapa manyani wawili kila usiku huku analia, kwa sababu ni ndugu zake.

Kwa kusomea watoto hata tusijadili, hadithi fupi. Watoto wa kaka yangu wakija likizo tunakaa jikoni kuna joto, nasema hadithi hadithi, wanaitika hadithi njoo, na lazima iishe leo, ukiwaambia itaendelea kesho hawalali. Nawatafsiria papo hapo, na pakiwa pagumu nahamishia kwetu, ziwa la kwenye hadithi linakuwa Ngozi na jiwe linaloongea linakuwa Gangilonga, maana Wahehe walishaliita hivyo jiwe lao kabla sisi hatujasoma fantasia yoyote, jina lenyewe maana yake ni hiyo hiyo. Wakubwa wawili mwaka huu wameanza kuniambia wanataka ile ndefu. Nimewaambia Desemba, likizo ni ndefu.

Shangazi alipomaliza ile riwaya, ndo hiyo ya mtoto mchunga mbuzi, nikampelekea zile hadithi tano. Nikamwambia hizi za dukani hapana shangazi, soma usiku ukishafunga. Juzi saa tatu usiku simu ikaita, Tukuyu mvua inapiga bati mpaka simsikii vizuri, wala hakunisalimia, akasema, "Mwanangu, kumbe Ogion siku ile ya tetemeko hakuwa peke yake! Sasa huyu mzee mwingine mbona watu hawamtaji?" Nikamwambia uko ukurasa wa ngapi shangazi. Akasema nyamaza kwanza nimalize, akakata simu.